Kwa anayeanza kubeba mizigo na boda: 38,000 ya mfukoni si yako yote

Kijiweni kwetu haupiti mwezi bila kijana mpya. Ametoka kupata leseni daraja A, kofia bado ina nailoni kwenye kioo, na swali lake ni lile lile: "Kaka, hii ya kupeleka mizigo inalipa kweli?" Huwa namuuliza kwanza: hesabu, ile pesa ya kila siku ya kulipia pikipiki, unampa nani, na mpaka lini? Ukinijibu hilo nitakuambia kama utajenga au utazeeka kijiweni.

Mimi huu ni mwaka wa saba nabeba mizigo kutoka Kariakoo. Wateja wangu wengi ni akina dada wanaouza nguo, mawigi na vyombo kupitia Instagram. Nimewahi kubeba keki ya harusi mpaka Bunju kwa mwendo wa kobe. Kazi naipenda, ila imenichukua muda kujifunza kuhesabu.

Nina daftari la mwaka wangu wa pili. Jumanne moja niliingiza 38,000. Usiku ule niliona nimeua, noti zimejaa kitandani. Sasa toa wese 9,000. Toa hesabu ya tajiri, mwenye pikipiki, 10,000. Chai ya asubuhi, wali maharage mchana na maji, 4,500. Bando 1,500. Zimebaki 13,000. Hapo ndipo vijana wengi wanaposimama na kusema "nimelala na kumi na tatu". Lakini kuna mtu mwingine anadai na hapigi simu: pikipiki. Oili, tairi la nyuma, seti ya cheni, breki. Kwangu vyote hivyo, ukivigawa kwa siku, vinakula kama 3,000. Usipoitenga leo, utaitafuta siku ambayo huna. Kwa hiyo siku ile nzuri ilikuwa ya 10,000. Zidisha mara siku 26, ni 260,000 kwa mwezi, na hapo hakuna siku hata moja ya mvua wala malaria. Mwenye nyumba naye anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Sasa tuje kwenye mkataba, ule wa kumlipa tajiri hesabu mpaka pikipiki iwe yako, maana hapa ndipo penye nyama. Mimi nilisaini miezi 16, hesabu 10,000, siku sita kwa wiki, Jumapili yangu. Pikipiki ile ile dukani kwa taslimu ilikuwa 2,750,000. Ukipiga hesabu, nililipa zaidi ya 4,100,000. Sisemi tajiri alininyonya. Pesa yake ilikuwa barabarani chini ya makalio ya mtu asiyemjua, na ningeweza kuamkia nayo Tunduma. Ninachosema ni kwamba ujue bei unayonunulia. Ukiweza kukaa deiwaka, yaani kibarua wa siku, mwaka mmoja kwenye pikipiki ya mwenzako, ukaweka nusu ya bei, ukaja mezani na hiyo nusu, mkataba wako utakuwa wa miezi saba au minane. Mimi nilikuwa na haraka ya kuitwa mwenye chombo.

Kosa langu kubwa lilikuja siku mkataba ulipoisha. Ile 10,000 ya kila siku haikuwa na mwenyewe tena, nikaila. Sikunywa pombe, sikuhonga, niliila tu: kuku badala ya maharage, simu mpya, mchango wa harusi ya mtu nisiyemjua vizuri. Miezi mitano, kama 1,300,000, na siwezi kukuonyesha hata sufuria. Mwezi wa sita injini ikaanza kutoa moshi wa bluu. Fundi akafungua, akanionyesha pistoni kama imekwanguliwa na msumari. Sikuwa na kitu. Nikaenda kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kali, nikachukua 200,000 ya kurudisha 260,000 ndani ya mwezi. Mwezi ule nilikuwa naendesha mpaka saa sita usiku ili nimlipe mtu ambaye hajui hata kuweka gia.

Nilipomaliza deni nikarudi kulipa hesabu, safari hii kwangu mwenyewe. Kila siku kabla ya kufika nyumbani nasimama kwa wakala, naweka 10,000 kwenye laini ambayo kadi yake anayo dada yangu Morogoro. Siku niliyokosa nilikuwa nadaiwa, kama zamani kwa tajiri. Mwezi wa kumi na tatu nikanunua pikipiki ya pili kwa taslimu. Kwa hiyo ukiniuliza kama boda anaweza kusimama kiuchumi, mimi nasema ndiyo, ila hesabu isife siku chombo kinapokuwa chako. Pikipiki uliyopewa mpya, ukimaliza kuilipa tayari imechoka, na inabidi uanze kununua ya kuirithi siku ile ile.

Kuhusu oda zenyewe. Mzigo wa Kariakoo kwenda Goba wa 8,000 unang'aa kuliko wa Ilala wa 3,000. Lakini Goba unarudi mtupu, na wese la kurudi ni lako. Mimi siku hizi sipandi Goba mpaka nipate miwili ya njia moja, na nikifika nasubiri kidogo kama kuna wa kurudi mjini. Na usikubali kumlipia muuzaji mzigo eti utachukua pesa kwa mteja. Niliwahi kulipia wigi la 85,000, nikafika Mbezi, namba haipatikani. Nilikaa nalo chumbani wiki mbili kabla muuzaji hajakubali kulipokea tena. Siku hizi mteja anamtumia muuzaji pesa, mimi nabeba.

Masika ni kitu kingine. Oda zinaongezeka kwa sababu watu hawataki kutoka, lakini Jangwani ikijaa maji barabara inafungwa na unazunguka mji mzima. Nunua nailoni nene na boksi lenye mfuniko kabla ya Machi.

Programu za simu tumia, ila zisiwe shamba lako pekee. Jumia, lile duka la mtandaoni, iliondoka Tanzania Novemba 2019. Uber ilisimamisha huduma Aprili 2022 kwa mvutano wa nauli na kamisheni iliyopangwa na LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, ikarudi Januari 2023. Hiyo ni miezi tisa, na hesabu ya tajiri haikusimama. Mimi nina wauzaji kumi na wawili wanaonipigia moja kwa moja, na ndio wanaonilisha.

Kuna jambo tunalikwepa kijiweni. Ile bima ndogo ya lazima inamlipa uliyemgonga, wewe haikugusi. Ukienda MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, utakuta wodini wenzetu wamefungwa vyuma miguuni. Kuvunjika mguu ni miezi bila kipato, na pikipiki imeshikiliwa kituoni. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wana mpango wa waliojiajiri, kiwango cha chini 30,000 kwa mwezi, ambayo ni buku kwa siku, na unaweza kulipa kidogo kidogo. Kwa mtaji, ulizeni mikopo isiyo na riba ya halmashauri: katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, asilimia 4 ni ya vikundi vya vijana. Makaratasi yanachosha na kikundi kinahitaji watu wanaoaminiana, lakini bora uchoke ofisini kwa afisa maendeleo kuliko kwa kausha damu. Faini za trafiki kwetu sisi zilishushwa mwaka 2021 kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, lakini msimbazi mmoja ni faida ya siku nzima, kwa hiyo vaa kofia.

Mwisho ni kadi ya pikipiki. Kabla hujasaini, iombe uipige picha na uhakikishe jina lililoandikwa ni la huyo anayekupa mkataba, si la shemeji yake. Andikeni kwenye mkataba nani atalipia kubadilisha jina TRA na ndani ya siku ngapi. Serikali ya mtaa ishuhudie kwa muhuri. Mimi nilimaliza kulipa Agosti, kadi nikaipata Februari, na kila nikipiga simu nilikuwa naambiwa bosi yuko msibani.