Oksijeni nyingi si dawa ya kila pumzi iliyobana

SWALI: Baba ana ugonjwa sugu wa mapafu kutokana na sigara. Juzi alibanwa pumzi, tukamfikisha hospitali akiwa na oksijeni lita 10 kwa dakika. Daktari akaishusha hadi 2, baadaye akamvalisha barakoa ya mashine. Ndugu wanasema mzee kanyimwa hewa. Na kwa nini hakutiwa mrija kooni moja kwa moja? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hakunyimwa. Mapafu hayo hushindwa pia kutoa hewa ukaa. Oksijeni ikizidi, mishipa iliyojibana kwenye sehemu mbovu za pafu hufunguka, damu ikapita kusikofika hewa. Tena damu iliyoshiba oksijeni hubeba hewa ukaa kwa shida. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma asilimia 99, familia inafurahi, na mzee anaanza kusinzia kwa hewa ukaa iliyojaa. Hapo ndipo pa kuogopa. Lengo ni asilimia 88 hadi 92 kidoleni, kwa mrija wa puani wa lita 1 au 2, au barakoa ya Venturi (inayotoa oksijeni kwa kiwango maalumu) ya asilimia 24 au 28. Oksijeni ishushwe polepole, isizimwe ghafla: ikikatwa tu, kiwango huweza kuporomoka chini ya pale alipoanzia.

Sambamba na hayo hupewa dawa za kupanua njia za hewa, salbutamol miligramu 2.5 hadi 5 na ipratropium miligramu 0.5, kwa nebulaiza (kifaa cha kugeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta), inayosukumwa na hewa ya kawaida huku oksijeni ikiendelea puani, pamoja na prednisolone, dawa ya kupunguza uvimbe, miligramu 30 hadi 40 kila siku kwa siku 5. Ikiwa baada ya saa moja hivi kipimo cha gesi za damu ya ateri bado kinaonyesha pH (kipimo cha asidi; ikishuka, damu imekuwa na asidi zaidi) chini ya 7.35 na hewa ukaa juu ya milimita 45 za zebaki, ni wakati wa mashine ya barakoa.

Mashine hii ina shinikizo mbili. La kuvuta pumzi huanzia sentimita 10 hadi 15 za maji, likapandishwa haraka kuelekea 20 au zaidi kadiri mgonjwa anavyovumilia. La kutoa hubaki 4 au 5. (CPAP, mashine ya barakoa yenye shinikizo moja lisilobadilika, haifanyi kazi hii, ingawa wengi huzichanganya.) Kinachoharibu mambo mara nyingi ni barakoa: ikilegea hewa huvuja, ikikazwa mno huchubua mgongo wa pua. Gesi za damu hupimwa tena baada ya saa moja. pH ikipanda na pumzi zikipungua kasi, mmefaulu.

Mrija wa kooni hauji kwanza kwa sababu unahitaji dawa za kulaza, huongeza hatari ya nimonia, na kumtoa mgonjwa wa aina hii kwenye mashine huwa kazi ngumu. Lakini usicheleweshwe kama pumzi zinakatika, mgonjwa hazinduki, anatapika bila kuweza kulinda koo, au pH inazidi kushuka ndani ya barakoa. Akishatiwa mrija, mashine ipumue polepole, mara 10 hadi 14 kwa dakika, apate muda wa kutoa hewa. Ikinaswa kifuani, shinikizo la damu huanguka.

Mwombe daktari barua fupi yenye lengo la oksijeni, “88–92”, mzee aibebe. Safari ijayo atakayefungua mtungi huenda hamjui.