Jibu: Zafarani yenye wekundu wa ghafla, na kama manjano yanaweza kuishika nafasi yake

Salamu, ndugu. Umeeleza kwamba kheer, yaani wali mtamu wa maziwa, uliyoipika kwa ajili ya puja, ibada ya Kihindu, iligeuka nyekundu mara tu ulipotia zafarani, tena bila harufu yoyote, na sasa unauliza kama utumie manjano, ambayo bibi yako huyanywa kwa maziwa akikohoa.

Kwanza ichunguze hiyo zafarani. Tia nyuzi chache katika maji baridi: zafarani halisi hutoa rangi ya dhahabu polepole, nayo nyuzi zenyewe hubaki nyekundu, ilhali nyuzi zilizotiwa rangi humwaga wekundu papo hapo na kupauka. Ukiuziwa kwa bei rahisi, shuku, kwa kuwa kila ua hutoa nyuzi tatu tu, zinazochambuliwa kwa mkono, iwe ni Pampore kule Kashmir au Iran, na gramu moja huhitaji maua yapatayo 150.

Manjano yatakupa rangi pekee. Mimi nikikosa zafarani hutia iliki na kuiacha kheer ibaki nyeupe. Katika ibada manjano yana heshima yake mwenyewe: maharusi hupakwa siku ya haldi, sherehe ya kabla ya harusi, na yakichanganywa na chokaa hugeuka mekundu yakawa kumkum, ambayo ni ya kupaka kwenye paji la uso, wala isiingie chunguni.

Kuhusu bibi, ikiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, msimpe vidonge vya manjano kabla ya kumwuliza daktari wake.