Uanze kuuza nini: PDF ya mapishi au pakiti za viungo?

Anza na viungo, dada. Ni kweli PDF haina kufungasha wala nauli ya basi, na nakala ya mia haikugharimu zaidi ya ile ya kwanza. Lakini hapa Moshi akinunua mmoja, kesho kikoba kizima wanayo WhatsApp, bure. Pakiti ya pilau masala hairushwi hivyo, na ikiisha mtu anarudi. Nafungasha viungo mwenyewe, naliona kila mwezi. Ila chakula cha kufungasha kinahitaji nembo ya TBS, shirika la viwango; pitia kwanza SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakupe barua ya utambulisho ya kupeleka TBS. Kama wateja wako wengi wako Ulaya, hapo sawa, uza PDF, maana gharama ya kutuma kifurushi itameza faida yote.