Kumwondoa Fuko Bustanini: Tafuta Njia Anayopita Kila Siku

Anayesawazisha vifusi vya udongo kila asubuhi hamwondoi fuko, kwa sababu kifusi ni udongo uliotupwa nje tu, na aliyeutupa yuko kwingine kabisa. Katika bustani yangu nimeona mara nyingi kwamba kinachofaa kutafutwa ni handaki analolitumia kila siku.

Kwanza mtambue. Fuko mla wadudu hufuata minyoo na mabuu, na mimea hupata madhara kwa sababu tu mizizi huachwa ikining'inia juu ya uwazi. Fuko mla mizizi, ambaye ni wa jamii ya panya, ndiye wa kuogopwa zaidi: mmea hunyauka ghafla ilhali umemwagiliwa, na ukiuvuta unakufuata mkononi kwa wepesi unaosikitisha, mzizi wake umekatwa kama kwa kisu.

Chukua kijiti chembamba uchome udongo kati ya kifusi kipya na kingine. Pale kitakapozama ghafla ndipo penye handaki. Toboa tundu dogo kisha uliache. Likizibwa kabla ya siku inayofuata, njia hiyo inatumika. Lisipozibwa, sogea kwingine, maana mtego uliowekwa kwenye njia iliyotelekezwa hautanasa kitu.

Tabia hiyo ya kuziba ndiyo inayomponza fuko mla mizizi. Hastahimili hewa inayoingia kwake kutoka nje, kwa hiyo hurudi kuziba, akisukuma udongo mbele yake. Tega hapo mtego wa kitanzi cha waya unaovutwa na ufito uliopindwa, lakini kabla ya kutega zoa udongo wote uliolegea ndani ya handaki, la sivyo ataufyatua mtego kwa udongo anaousukuma, na yeye abaki salama. Ukague asubuhi na jioni ili mnyama asiteseke, na vaa glavu nzito, kwani meno yake ni makali sana.

Sumu siipendekezi hata kidogo, kwa kuwa paka au bundi akimla fuko aliyekufa kwa sumu naye huweza kudhurika. Petroli ikimwagwa handakini huharibu udongo na inaweza kuwaka. Utupa, mmea unaosemekana kumfukuza fuko, nimeupanda kandokando ya ua kama wengi wanavyoshauri, na fuko wakapita chini yake bila shida. Isitoshe, majani yake ni sumu kwa samaki, basi usiupande karibu na bwawa.

Kwa matuta ya mboga, tandika wavu wa chuma wenye matundu ya takriban sentimita 1 chini ya udongo, na uupandishe ubavuni hadi juu kidogo ya usawa wa ardhi. Ni kazi ya kuchosha, lakini hufanywa mara moja.

Ukishamnasa, fukua mahandaki yaliyo karibu na uso wa ardhi, uyajaze udongo na kuushindilia, kwani fuko mwingine hupenda kuhamia njia iliyokwisha kuchimbwa.