Swali la lugha: Pori halisafishwi

Mwalimu wa biolojia kutoka Morogoro anauliza: shamba likiachwa, zikaota nyasi, vikafuata vichaka, kisha miti mpaka msitu ukarudi, hali hiyo tuiite "urithi wa kiikolojia" au "mfuatano wa kiikolojia"? Anaongeza kuwa aliwapeleka wanafunzi wake kuona "shamba lililosafishwa miaka mitano iliyopita".

Ikolojia, yaani elimu ya viumbe na mazingira yao, asili yake ni Kigiriki, oikos, maana yake nyumba. Urithi tumeupata kwa Waarabu, nao hauji mpaka mwenye mali afe, siukubali hapa. Mfuatano unafaa, ila unaonyesha foleni tu. Mimi napenda upokezanaji, kama wakimbiaji wanavyopokezana kijiti, kwa kuwa anayetangulia humwachia kitu anayemfuata: nyasi hushika udongo, vichaka hutia kivuli, na ndege wanaotua vichakani huangusha mbegu za miti.

Sasa nije kwenye hilo "lililosafishwa", maana limenikera miaka mingi.

Kusafisha ni kuondoa uchafu. Tunasafisha kidonda, tunasafisha choo. Ukisema umesafisha pori, umekwisha kuihukumu miti kuwa ni taka, na hakuna atakayeuliza taka zimekwenda wapi. Waliotulea walikuwa na maneno yao. Majani na vichaka walifyeka. Mti waliuangusha. Kisiki waliking'oa. Ardhi ya kulima waliikwatua, na mazao yakishaota walipalilia. Kila kitenzi kilikueleza kilichofanyika na kilichobaki. Palipofyekwa pana visiki na mizizi. Palipong'olewa, visiki havipo tena. Kwa anayetaka kujua msitu utarudi vipi, hilo ndilo swali la kwanza, kwa sababu miti ya miombo hurudi zaidi kwa kuchipua kwenye visiki na mizizi kuliko kwa mbegu. Kitenzi "kusafisha" kinameza yote hayo.

Niliwahi kusimama kwenye shamba la mjomba wangu mwezi Septemba, mvua bado. Kulikuwa na kisiki cha miombo kipana kama sinia, upande mmoja kimeungua hadi kuwa mkaa. Upande wa pili nilihesabu machipukizi kumi na moja, majani yake mekundu, laini kama sikio la mtoto. Kijana aliyelikodi shamba alikuja na shoka, akaniambia kwa upole: "Samahani mzee, hapa bado hatujamaliza kusafisha." Kijana yule hakuwa mkorofi. Neno alilofundishwa ndilo lililomzuia kuona kuwa anakata mti ulio hai.

Dodoma wako wakulima wanaokiita kisiki cha namna ile kisiki hai. Huchagua machipukizi machache yenye nguvu, hukata mengine, huyawekea alama yaliyobaki na kuyatunza yawe miti. Maneno mawili tu, na mtu hanyanyui tena shoka kabla ya kuinama na kutazama. Wasukuma nao wana ngitili, eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, na sehemu kubwa ya miti iliyomo haikupandwa na mtu, iliachwa ikaota. Mradi ulikuta wenyeji wana jina la jambo hilo tayari, na kanuni zake wanazijua.

Kwa hiyo, mwalimu, andika upokezanaji. Ukiandika mfuatano sitakugombeza. Lakini warudishe vijana kwenye lile shamba, wamuulize mwenyewe kama lilifyekwa, lilichomwa au liling'olewa visiki, na kitenzi atakachowajibu ndicho waandike daftarini.