Je, vedeti anastahili kashe anayoomba?

Vijana wanaotengeneza filamu fupi na michezo ya kuigiza hapa Lubumbashi, Kongo, huniuliza jambo moja kabla ya mengine yote: tumwite vedeti, yaani mtu mwenye jina, au tucheze wenyewe? Mimi ndiye mshika feza wa kikundi chetu cha Katuba, kwa hiyo swali hilo hunifikia pamoja na hesabu zake. Mwenye jina anaomba kashe, yaani malipo ya kucheza, inayokula karibu nusu ya bajeti, na wengine wanabaki na nauli na sahani ya bukari (ugali). Nimekaa katika mazungumzo hayo mara nyingi. Msimamo wangu ni huu: vedeti anaweza kustahili kila franka anayoomba, mradi alipwe kutoka katika feza anazozileta yeye, si kutoka mfukoni mwa wenzake.

Ninajua hasira ya watu juu ya jambo hili. Mtu akisikia kwamba mwaka 1996 Jim Carrey alilipwa dola milioni 20 kwa filamu moja, halafu akamkumbuka mwalimu wa shule ya msingi hapa kwetu, moyo unamuuma. Na mimi unaniuma. Lakini tujiulize: mwigizaji akilipwa kidogo, zile zilizobaki zinakwenda wapi? Haziendi kwa mwalimu wala kwa muuguzi. Zinabaki kwa mwenye studio. Sisi watu wa Katanga hatuhitaji kufundishwa hilo. Mchimbaji wa mikono wa Kolwezi analipwa kidogo kwa kila gunia la madini, na udogo wa malipo yake haujaongeza hata franka moja kwenye mshahara wa mwalimu. Faida imekwenda kwa mnunuzi.

Wenye kampuni za filamu waliijua hesabu hii tangu mwanzo kabisa. Kabla ya mwaka 1910 kampuni nyingi za Marekani hazikutangaza majina ya waigizaji wao, na sababu moja ilikuwa hofu kwamba mtu akishajulikana ataomba zaidi. Florence Lawrence alipendwa na maelfu ya watazamaji waliomjua tu kama msichana wa Biograph, yaani jina la kampuni yake. Mwaka 1910 Carl Laemmle alimchukua na kumtangaza kwa jina lake, na tangu hapo mlango haukufungwa tena. Charlie Chaplin alianza kwa kampuni ya Keystone akilipwa dola 150 kwa juma. Mwaka 1916 kampuni ya Mutual ilimpa dola 10,000 kwa juma, na 150,000 za kutia sahihi juu yake. Hakuwa amegeuka kuwa mchekeshaji bora mara 60 na zaidi ndani ya muda mfupi hivyo. Ila wenye sinema waligundua kwamba wakisimamisha picha yake ya karatasi ngumu mbele ya mlango, watu wanaingia.

Hapa kwetu nguvu ya sura tumeiona kwa macho. Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu wa Tanzania, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28 tu, alikuwa na watu wake mpaka huku kwetu. Mtu alichagua CD kwa kutazama uso ulio kwenye jalada. Kisa chenyewe angekijua akifika nyumbani. Na wazazi wetu wa Lubumbashi walitulia mbele ya televisheni kwa ajili ya mchekeshaji Mufwankolo na kikundi chake cha maigizo, hata kabla ya kujua siku hiyo wanacheza nini. Hiyo ni kazi. Imejengwa kwa miaka, na anayetaka kuitumia jioni moja alipie.

Tatizo ni pale tunapodhani jina linabeba filamu nzima. Mwaka 1963 ilitoka *Cleopatra*. Elizabeth Taylor alikuwa ametiliana sahihi mkataba wa dola milioni moja, na dunia nzima ilizungumza juu ya milioni hiyo. Filamu ikaongoza kwa mapato Marekani mwaka ule, lakini gharama zilikuwa zimepita dola milioni 40, na studio ya 20th Century Fox ikakaribia kuanguka. Watu walimwangalia Taylor. Feza nyingi zaidi zilikuwa zimeishia kwenye majumba ya mbao yaliyojengwa Uingereza, yakaachwa, yakajengwa upya Roma. Kwa upande mwingine, *The Blair Witch Project*, filamu ya kutisha iliyotoka mwaka 1999, ilipigwa picha kwa makumi machache ya maelfu ya dola, na waigizaji ambao hakuna aliyewajua, ikaingiza zaidi ya dola milioni 240. Hofu yenyewe iliwaleta watu. Kwa hiyo kabla hujamtafuta vedeti, soma hadithi yako tena na ujiulize kama ina kitu cha kumtoa mtu nyumbani jioni.

Ushauri wangu mkubwa ni mgao. Mwaka 1988 Arnold Schwarzenegger, Danny DeVito na mwongozaji Ivan Reitman waliacha mshahara wao wa kawaida kwa filamu *Twins*, wakaomba sehemu ya mapato badala yake. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 200, na Schwarzenegger mwenyewe amesema kwamba ilimpatia kuliko filamu nyingine zake zote. Kama ingeshindwa, wangeshindwa pamoja na studio. Hilo ndilo nalipenda.

Sisi tulifanya hivyo kwa komedi tuliyocheza katika ukumbi wa parokia. Tulimwita mchekeshaji ambaye watoto mtaani humwita kwa jina la mhusika wake. "Yaya, nikija mimi ukumbi unajaa," aliniambia, akiniita kama mkubwa wake. Nikamjibu kwamba namwamini, na kwa sababu hiyo tugawane huo wingi. Daftari letu lilionyesha kwamba bila mgeni tunajaza viti mpaka katikati ya ukumbi. Tukakubaliana apate kashe ya kawaida sawa na wenzake, kisha nusu ya kila tikiti itakayozidi kiwango hicho. Tikiti zikawekwa namba, na mpwa wake akakaa mlangoni pamoja na mtu wetu. Basi mgeni wetu akaanza kazi ambayo hakuna kashe ya mkononi ingemfanya aifanye: alituma ujumbe wa sauti kwenye simu za watu, akapita mwenyewe soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, akitangaza. Aliondoka na feza zilizozidi kidogo zile alizoomba mwanzo, na hakuna aliyenung'unika.

Ukipanga malipo, anza chini. Fundi wa sauti kwanza, kwa sababu mvua ikipiga mabati na maneno yasisikike, hakuna sura itakayowazuia watazamaji wasitoke. Halafu mafuta ya jenereta. Halafu kila mwigizaji mdogo.

Na hapa naomba tuwatazame wanawake. Mwaka 2017, sehemu za filamu *All the Money in the World* ziliporudiwa, Mark Wahlberg alilipwa dola milioni 1.5 na Michelle Williams hakufikisha hata dola 1,000, kwa marudio hayo hayo. Habari ilipotoka, Wahlberg alitoa zile milioni 1.5 kwa jina la mwenzake kwenye mfuko wa kuwasaidia wanawake kisheria. Vikundi vyetu vina Mama anayecheza mama mkwe, anakuja na vitenge vyake mwenyewe kwa ajili ya wote, anawapikia wote, halafu jioni anapewa nauli na asante. Huyo aandikiwe kashe kwenye karatasi kabla ya vedeti kupigiwa simu.

Kama vedeti anakataa mgao na anataka zote mkononi kamera ikiwa bado haijawashwa, muulize kwa heshima onyesho lake la mwisho lilileta watu wangapi na kwa tikiti ya bei gani. Akikujibu kwa hesabu, endelea naye, hata kama ni ghali. Akikujibu kwamba kila mtu anamjua, mshukuru, mpe nauli ya kurudi, na mpe mmoja wa vijana wenu nafasi yake.