Barua kwa mwanangu: Yule mtu wa plastiki amekuwa konda

Marahaba, mwanangu.

Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yanayolalamikia baridi ya huku. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu jikoni mpaka chai ikafurika. Ati mjukuu wangu, mume wangu (mwambie mahari yangu sijaiona bado) yule mtu wa plastiki niliyempelekea, wa filamu ya Dune, alimzungusha mikono mara moja, akamtupa uvunguni, akamsahau wiki nzima. Kisha ukamkuta amefungwa uzi mlangoni mwa gari la kopo, mkono mmoja juu, amekuwa konda wa daladala ya 505.

Halafu ukaja na swali lenyewe, kwa kuzunguka kama kawaida yako: kwa nini watoto hawawataki hawa watu wa filamu za anga za juu, na ikiwa huku wanauzwa bei ya kumaliza mzigo, si nikukusanyie katoni kumi uziuze Darajani kabla ya Idi?

Katoni, hapana. Nisikilize kwanza kabla hujanuna.

Miaka kumi na mitano nilipanga rafu usiku, upande wa midoli, katika duka kubwa hapa Columbus, Marekani. Nimeona mengi yakidoda, lakini hakuna kilichododa kwa ukaidi kama watu wa plastiki wa filamu hizi. Filamu inajaza majumba ya sinema, kila mtu anaizungumza, na mimi usiku wa manane nabandika stika nyekundu: dola ishirini imekatwa, kumi, kumi imekatwa, tano. Iliyonifungua macho ni Avatar ya 2009. Mpaka wakati ule hakuna filamu iliyokuwa imeingiza fedha kama ile, na midoli yake kampuni ya Mattel waliitia hadi ujanja wa kompyuta: unaweka kikadi mbele ya kamera, umbo linaibuka kwenye skrini. Wale watu wa buluu walikaa kwenye ndoano zetu mpaka nikawazoea kama majirani.

Jibu mume wangu ameshakupa. Konda anamjua. Anajua konda huning'inia, hupiga bati, huita abiria, hugombana kwa ajili ya chenji. Mtu yeyote wa plastiki ukimpa kazi hiyo ataifanya. Sasa yule kijana wa Dune kazi yake ni ipi? Mimi filamu nimeitazama yote. Ni mtoto wa ukoo uliokabidhiwa sayari ya jangwa, anaota ndoto za mambo yajayo, watu wazima wanafanyiana hila za utawala, na ile suti ya kijivu inakusanya jasho lake lisipotee. Ni hadithi tamu kwangu mimi mwenye miaka sitini na tatu. Mtoto wa miaka sita utamwambia acheze nini? Acheze kukusanya jasho?

Tena si mara ya kwanza. Dune ya mwanzo, ya 1984, kampuni ya LJN iliitolea watu wa plastiki pamoja na yule mnyoo mkubwa wa mchangani (ukiniuliza mimi, mnyoo peke yake ndiye aliyestahili kutengenezwa). Filamu ikaanguka, midoli ikaangukia juu yake. Baada ya miaka karibu arobaini wakajaribu kampuni ya McFarlane. Safari hii filamu ilisifiwa, lakini korona iliisukuma kutoka Desemba 2020 hadi Oktoba 2021, na watu wake wakawa wametangulia kufika dukani. Watoto wakipita wananiuliza, "Huyu nani?" Nami sikuwa na la kujibu, filamu yenyewe haijatoka.

Najua utasema: mbona watu wa plastiki wa filamu ya Star Wars walinunuliwa? Kila mtu huniambia hivyo. Mwenzangu mmoja wa zamu ya usiku alikuwa mtu wa Cincinnati, chini ya saa mbili kwa gari kutoka hapa, na huko ndiko ilikokuwa kampuni ya Kenner. Filamu ilitoka Mei 1977. Kampuni ya Mego, iliyokuwa ikitamba kwa midoli siku hizo, ilikuwa imeikataa leseni. Kenner wakaichukua, lakini kuchonga kalibu za chuma na kumimina plastiki si kazi ya mwezi mmoja. Krismasi ikawakuta mikono mitupu. Basi wakauza bahasha! Kadibodi yenye hati ndani: jaza, tuma kwa posta, mwakani utaletewa watu wanne. Huyu mwenzangu alikuwa na miaka saba, na anaapa hajawahi kupata zawadi aliyoipenda kama ile ambayo haikuwa na mdoli ndani. Akangoja mpaka 1978, Luke, Leia, Chewbacca na R2-D2 wakaletwa na mtu wa posta.

Nikamuuliza, ulingojaje? Akasema alikwisha kuanza kucheza zamani, kwa fimbo. Upanga wa mwanga wa filamu ile ni fimbo yoyote. Mbaya kavaa nyeusi anakoroma ndani ya kofia, mwema kavaa nyeupe, na mtoto ambaye hajaiona filamu unamweleza kwa pumzi moja naye anaingia mchezoni. Tena Kenner waliwafanya wadogo, wengi wao hawafiki hata sentimita kumi, ili vyombo vyao vya anga viweze kutengenezwa na wao waingie ndani. Ni gari lenye watu wake, mwanangu. Hapo ndipo nilipomkumbuka konda wetu.

Wenye viwanda wao walitazama nyota na vyombo vya anga, wakadhani ndivyo vilivyouza. Mwaka 1979 kila mmoja alikimbilia huko. Mego, kwa majuto, wakatengeneza watu wa Star Trek na wa The Black Hole ya Disney, filamu mbili zilizokwenda polepole kama maiti inasindikizwa, na 1982 wakaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, ingawa walikuwa na matatizo mengine pia. Kenner wenyewe nao wakapotewa na akili: wakatoa dubwana la Alien, urefu wa sentimita 45 hivi, meno nje na taya nyingine ndani ya taya, wakaliuza kwa watoto wa filamu ambayo mtoto haruhusiwi kuiona bila mtu mzima. Wazazi wakaja juu, likaondolewa. Leo wanaolitafuta ni wanaume wa makamo, na wanalilipia vizuri.

Waliomwelewa mtoto ni watu wa katuni. He-Man wa Mattel alitoka 1982 bila filamu yoyote, na kuanzia Septemba 1983 akawa anaonekana kwenye televisheni siku za wiki, watoto wakitoka shule. Transformers wakafuata 1984. Wazazi wa hapa walilalamika kwamba lile ni tangazo la nusu saa, na ni kweli lilikuwa tangazo. Lakini kila alasiri lilimfundisha mtoto mchezo wa siku ile. Filamu ni saa mbili gizani, mara moja, kisha mnarudi nyumbani kula.

Sasa katoni, na hapa wewe mfanyabiashara utege sikio. Katoni haiji na watu unaowataka. Inachanganywa huko huko inakotoka: shujaa mmoja, labda wawili, na waliobaki ni jemadari aliyeonekana dakika mbili, mlinzi wa lango, na mtu wa kofia. Naifungua saa nane za usiku, natundika. Saa mbili asubuhi duka likifunguliwa wanaume wawili wenye ndevu wako mlangoni. Mmoja mkusanyaji, mwenzake mlanguzi. Shujaa keshaondoka, mtoto hata hajaamka. Jumamosi mtoto anakuja na bibi yake anakuta majemadari kumi na wanne. Na kwa kuwa ndoano zimejaa, kompyuta ya duka inahesabu kuwa mzigo upo, haiagizi katoni nyingine, na shujaa harudi tena. Ukisikia bei ya kumaliza mzigo, ujue unauziwa majemadari.

Na kampuni zenyewe zimewafuata hao wenye ndevu. Tangu 2013 kampuni ya Hasbro wana Black Series, watu wa Star Wars wa sentimita 15, nyuso zimepakwa rangi kama picha, viungo kila mahali, na kasha zuri ambalo mwenyewe halifungui maisha yake yote. Mimi kitu kisichofunguliwa sikielewi, lakini fedha yao ni nzuri. Septemba 4, 2015, tulipofungua saa sita za usiku kwa ajili ya midoli ya filamu mpya ya Star Wars, The Force Awakens, nilihesabu watoto watatu katika foleni nzima, wawili wao wamelala mabegani mwa baba zao. Baadaye wakaanza kuja watoto wa kike na mama zao wanamtafuta Rey, ambaye ndiye nyota wa filamu. Kwenye mchezo wa ubaoni wa Monopoly wa filamu hiyo hakuwemo! Hasbro wakajitetea kwamba hawakutaka kufichua hadithi, na waliahidi kumwongeza baada ya kelele nyingi.

Siri hizi! Mwaka 2019 yule mtoto wa kijani wa The Mandalorian, tamthilia ya Star Wars, alitokea Novemba, kila mtoto na kila nyanya wa Ohio akamtaka, na Krismasi mdoli wake hakuwepo, kwa kuwa waliomtengeneza waliomba asijulikane mapema. Mwenzangu wa Cincinnati alicheka mpaka akakaa chini. "Bahasha tupu tena," akasema.

Basi wewe unataka kuwapeleka hawa Darajani. Mtoto wa Unguja anafika Mnazi Mmoja na sikukuu yake mkononi, shilingi elfu mbili, elfu tatu, ameikusanya nyumba kwa nyumba tangu asubuhi. Anataka kinacholia, kinachowaka, kinachorusha maji, wenzake wakione papo hapo. Jemadari wako, ukimtia nauli ya meli na ushuru, hutamuuza chini ya elfu kumi na tano. Atamgeuza mbele na nyuma, atakuuliza, "Anafanyaje huyu?" Nawe utasimama pale unamhadithia siasa za jangwani, na jirani yako wa bastola za maji anahesabu fedha.

Kitu kidogo cha kuanzia nitakutumia Ijumaa, In shaa Allah. Nunua puto, bastola za maji na vile vigari unavyovivuta nyuma vikakimbia vyenyewe, huko Kariakoo ya Dar kwa waagizaji, usinihangaishe na makontena. Na risiti nataka kuziona, usinifanyie kama mwaka ule wa mitumba.

Mume wangu umuulize jambo moja. Ninao majemadari watatu kabatini, niliwanunua kwa dola tano tano wiki niliyostaafu, sijui hata kwa nini. Nikija mwezi wa saba naweza kuwaleta, ikiwa 505 yake ina nafasi ya abiria. Nauli watalipa, lakini wana mizigo.

Mama yako